Mtoto Aliyelazwa kwenye Migomba

Sipendi mikutano. Nimefundisha shule ya msingi hapa Lushoto mpaka nikastaafu, na kama kuna kitu nilikiacha kwa furaha ni vikao. Kwa hiyo mtendaji wa kijiji cha chini aliponipigia simu kuniomba nikawe mkalimani kwenye mkutano wa mradi wa bomba la gesi, nilimjibu vibaya. Nilimwambia watu wa huko Kiswahili wanakijua, wengine nimewafundisha mwenyewe na fimbo nimewachapa. Akacheka. "Mwalimu," akasema, "wazee wakiulizwa swali zito na wageni wanarudi kwenye Kishambaa. Na wageni wanataka kila neno liandikwe." Nikamjibu nitafikiria, na niliposema hivyo nilikuwa nimeshaamua siendi.

Aliyenipeleka ni mama.

Sisi, kama familia nyingi za milimani, tuna kwetu kuwili. Nyumba iko huku juu kwenye baridi, kwenye kabichi na mapeasi. Shamba jingine liko chini nyikani, karibu na Mombo, ambako mahindi hukomaa upesi na shati halikauki mgongoni. Baba na mama walianzia maisha huko chini, baba akiwa kibarua kwenye mkonge. Baadaye homa ziliwazidi wakapanda mlimani, na ndiko nilikozaliwa mimi na wadogo zangu wote. Baba alifariki zamani, amezikwa huku juu kwenye makaburi ya kanisa. Shamba la chini tulibaki nalo, tukalima mahindi, na kandokando ya mfereji ikabaki migomba ya zamani ambayo hakuna aliyeipanda upya.

Habari za bomba zilipoanza kuzagaa, watu walidhani ni la maji. Ukisema bomba kwetu, mtu anafikiria ndoo. Wakafurahi. Kisha wapimaji wakaja na vigingi vyao, wakapita mashambani, wakachora alama nyekundu ya X kwenye mfenesi wetu, ndipo ikajulikana kwamba ni gesi asilia na kwamba inapita tu, inakwenda zake mbali. Mdogo wangu anayelima kule alipanda kutueleza. Akasema vigingi vimeingia upande wa mfereji, vimepasua katikati ya migomba.

Mama alikuwa anachambua maharage. Mkono ukasimama.

"Katikati?" akauliza.

"Katikati kabisa."

Akaendelea kuchambua, lakini niliona anatupa maharage mazima na mabovu kwenye ungo mmoja. Usiku ule hakula. Kesho yake akaniambia anakwenda kwenye mkutano wa bomba, na mimi nitampeleka. Nikamwambia magoti yake hayafai, joto la chini litamuua, mambo ya fidia tutayashughulikia sisi. "Sijasema fidia," akanijibu. "Nataka mashine isipite pale." Nikauliza kwa nini. Akasema ni migomba yake. Mimi si mwanamke mvumilivu. Nilimwambia migomba imezeeka, ndizi zake ni vijiti, na kama ni kupenda ndizi nitamnunulia mkungu sokoni kila wiki. Alinikata jicho moja tu. Nikampigia simu mtendaji nikamwambia nakuja.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya kijiji. Walikuwa wametandaza turubai, viti vya plastiki vimepangwa, mbele wamekaa shehe, mwinjilisti na wenyeviti wa vitongoji, nyuma akina mama kwenye mikeka. Timu ya wageni ilikuwa na wataalamu wawili. Kiongozi wao alikuwa kijana wa makamo, mpole, amevaa kofia pana na buti zilizochakaa. Mwenzake alikuwa dada wa mambo ya jamii, hasemi sana, anaandika. Kiongozi akaeleza kwamba hawajaja kuchimba. Wamekuja kufanya tathmini. Kabla bomba halijafukiwa, sheria inataka iangaliwe litaharibu nini, maji, misitu, makazi, na wananchi watoe maoni, na maoni hayo yaingie kwenye ripoti. Akafafanua kuhusu mkuza, yaani ukanda wa ardhi litakamopita bomba, ambao hautajengwa nyumba wala kupandwa miti. Alieleza vizuri. Nasema hivyo kwa sababu baadaye nilimkasirikia, na sitaki nimwonee.

Watu wakauliza. Mzee mmoja aliuliza kama udongo wa juu ya bomba utakuwa na joto, maana kama una joto yeye atapanda nyanya. Kijana mmoja wa kijiji akauliza gesi inapita mlangoni kwetu, je, jikoni kwetu itaingia? Kiongozi akasema kwa ukweli kwamba kwa sasa haitaingia. Watu wakaguna. Mwingine akasimama akazungumza kwa uchungu juu ya chemchemi iliyo juu ya kijiji, inayonywesha watu na ng'ombe, ambayo vigingi vimepita hatua chache kando yake. Alianza kwa Kiswahili, alipofika kwenye maji akahamia Kishambaa bila kujijua, na mimi nikatafsiri, na dada yule akaandika. Nilianza kuona kwamba labda huu si mkutano wa bure.

Ndipo kiongozi akafika kwenye makaburi. Akasema kwenye kazi hizi makaburi hupewa heshima yake, hakuna litakaloguswa bila ndugu kujua, kwa hiyo mwenye kaburi ndani ya mkuza aseme. Shehe akataja yake, mwinjilisti akataja yake. Kisha mama akanyoosha mkono.

Nilimsogelea nimtafsirie. Akaniondoa kwa kiganja. "Mwalimu, leo huna chaki," akaniambia kwa Kishambaa, na wanawake waliokuwa karibu wakacheka kidogo. Kwa mama, mgeni unamsemesha kwa lugha anayoielewa, hata kama wewe inakupa tabu. Hiyo ndiyo adabu aliyolelewa nayo. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akawasalimu wageni, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu:

"Mimi nina mtoto amelazwa. Pale kwenye migomba."

Kiongozi akavua kofia. "Pole sana mama yangu. Amelazwa hospitali gani?"

Vijana wa nyuma wakacheka. Mama akatikisa kichwa. "Siyo hospitali. Amelazwa pale."

"Anaumwa nini?"

"Haumwi."

Kicheko kikaongezeka. Jasho likanitoka. Kiongozi akanigeukia, hakuwa na ubaya wowote usoni, akauliza, "Mwalimu, mama anasemaje?" Na mimi, Mungu anisamehe, nilichofikiria ni kwamba akili ya mama imeanza kuteleza, na imeteleza mbele ya watu. Nikainama nikamuuliza kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, "Mama, nani amelazwa?"

Akanijibu kwa Kishambaa, lakini kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni, na uwanja mzima ukasikia.

"Kaka yako."

Mimi ni mtoto wa kwanza. Nimekua nikiitwa mtoto wa kwanza, nikabebeshwa mizigo ya mtoto wa kwanza, na adhabu zake. Nikatazama watu wanisaidie, nikaona wazee wa kiume wameangalia miguu yao, na akina mama kwenye mikeka wamevuta kanga usoni. Vijana tu ndio walikuwa bado wanatabasamu, hawana hili wala lile. Nikajua hapo kwamba waliozeeka wote wameelewa, na kwamba mimi mkalimani ndiye sijaelewa.

"Kwa hiyo kuna kaburi?" kiongozi akauliza.

"Kaburi hakuna," mama akasema.

Naye alisema kweli. Kwetu kaburi huchimbwa na wanaume. Lina mahubiri, lina nyimbo, lina jina. Mtoto aliyefariki kabla hajatolewa nje na kupewa jina hana vitu hivyo. Wanawake humchukua, humlaza, na neno ni hilo hilo, kulaza, kama unavyomlaza mtoto aliyeshiba. Kwa Kishambaa hakuna anayelichanganya. Mama alilitafsiri vizuri kabisa, na Kiswahili kikampeleka hospitali.

Kiongozi akamshukuru, akamwambia mwenzake, "Hakuna kaburi," akataka kuita mwingine. Hasira ikanipanda. Sijui ilikuwa juu ya nani. Juu ya mama kwa kunificha maisha yote, juu ya wale vijana, juu ya neno lenyewe. Nilichukua kipaza sauti nikasema, "Msiandike hivyo." Sauti ilitoka kali, ya darasani. Kisha nikakosa la kuongeza, kwa sababu kitu chenyewe hakisemwi mbele ya wanaume, na mama alikuwa ameshakisema kadiri ya uwezo wake.

Dada wa mambo ya jamii ndiye aliyetuokoa. Alisimama, akamnong'oneza kiongozi, kisha akasema angependa kuzungumza na akina mama peke yao, nyuma ya madarasa.

Tukakaa kivulini karibu na tangi la maji. Dada akaweka kalamu chini. Mama akatazama kama iko chini kweli, ndipo akasema, safari hii kwa Kishambaa, na mimi nikatafsiri, na ile ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mdomo wangu.

Alisema alikuwa msichana, hajamaliza mwaka kwenye ndoa. Mtoto alizaliwa masika, wa kiume, hakulia. Alipumua kidogo, akaacha. Mama mkwe na mkunga walimwosha, wakamfunga kipande cha kanga, wakamlaza kwenye migomba karibu na mfereji, ambapo udongo ni laini na wanaume hawafiki. Baba alipotoka kazini aliambiwa kwa maneno machache, akaenda kukaa nje. Na mama aliambiwa asilie.

"Kwa nini asilie?" dada akauliza.

Mama akashangaa kwamba hajui. "Ukimlilia, wanaofuata watasikia. Wataogopa kuja."

Nilitafsiri sentensi hiyo nikasimama. Wanaofuata ni mimi. Ni mimi na wadogo zangu. Mama alimeza kilio akiwa msichana mdogo, kwa ajili yangu, na mimi nimekuja hapa duniani kumwambia ndizi zake ni vijiti. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kisha bibi mmoja aliyekaa pembeni, ambaye shamba lake linapakana na letu, akasema bila kuinua macho, "Na mimi ninaye pale." Mwingine akasema, "Mimi wa kike." Wakaendelea, mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyelia, hakuna aliyesogea. Ukanda ule wote wa migomba kandokando ya mfereji, ambao wapimaji waliona ni shamba lililotelekezwa, ulikuwa na watoto. Ndiyo maana hakuna mwanamke aliyewahi kuing'oa.

Dada yule alijifuta macho, akaomba radhi kwa kujifuta. Akauliza aandike nini, kwa sababu kwenye kazi yao kuna makaburi na kuna mashamba, na hili si lolote kati ya hayo. Wakashauriana. Mwisho wakamwambia aandike watoto waliolazwa, na aeleze chini yake maana yake. Akamuuliza mama anataka nini. Mama akajibu kama alivyonijibu mimi nyumbani: mashine isipite pale.

Ilichukua miezi kabla hawajarudi na majibu. Katika miezi hiyo mimi na mama hatukulizungumza. Nilikuwa nikimkuta amekaa jikoni nakaa naye, nachambua anachochambua. Mara moja tu nilimuuliza kaka alifanana na nani. Akasema, "Hakukaa muda wa kufanana." Nikaondoka nikaenda kukata majani ya ng'ombe ambayo hayakuhitaji kukatwa.

Kwenye mkutano wa pili kiongozi alikuja na ramani mpya. Chemchemi imeepukwa, bomba litazunguka, watu wakapiga makofi na yule aliyezungumza kwa uchungu akakaa chini akatikisa kichwa kwa furaha. Kuhusu migomba, kiongozi alikuja mwenyewe mpaka kwenye mkeka wa akina mama, akachuchumaa. Akasema wamejaribu. Upande mmoja kuna reli, upande mwingine kuna mwamba na nyumba za watu. Njia haina pa kwenda isipokuwa pale. Hakuzungusha maneno. Akasema wanaweza kuwahamisha watoto kwa heshima zote, kuna utaratibu, masanduku, viongozi wa dini, na kwamba wenyewe waseme.

Akina mama wengi walikataa kuhamisha. Walisema udongo umeshawachukua, hakuna wa kuhama, ila mashine ikipita waendesha mashine waambiwe wanapita wapi. Kiongozi akaahidi. Mama alikuwa mmoja wa wachache walioona vingine. Hakutaka sanduku, hakutaka mwinjilisti, hakutaka mwanaume. Alitaka apewe asubuhi moja.

"Mimi nitazikwa kule juu na baba yako," akaniambia tukirudi. "Yeye abaki huku na gesi?"

Tukashuka siku iliyopangwa, mama, mimi, na yule bibi jirani. Kiongozi na dereva walikuwepo barabarani, wamesimama wametupa mgongo, na wanaume wa kijiji hawakuonekana kabisa. Nilikuwa na hofu kwamba mama hataijua sehemu yenyewe, kwa sababu migomba huhama. Mgomba mama hufa, mtoto huchipua kando, miaka ikipita shina liko mahali pengine. Lakini yeye hakuangalia migomba. Alishuka mpaka kwenye jiwe la mfereji alilokuwa akifulia nguo, akakaa juu yake kama anavua viatu, akageuza uso, akanyoosha mkono. "Hapo. Nilikuwa nafua nikimwangalia."

Akachukua jembe mwenyewe. Alilima mpaka pumzi ikamwishia, ndipo akanipa. Nilichimba polepole, nikiogopa kila nilipogusa kitu kigumu, na kila mara kilikuwa mzizi. Nikachimba hadi udongo ukabadilika rangi. Hapakuwa na kitu. Hata uzi wa kanga. Nilitaka kumwambia pole, nikamwangalia, nikaona kwamba yeye hakutegemea kitu. Alipiga magoti yake yale mabovu ukingoni, akachota udongo kwa mikono, akaweka kwenye kitenge kipya alichokuja nacho, akachota tena, mpaka akaona unatosha. Akakunja, akafunga, akaupitisha mgongoni kwa ule mzungusho ambao mwanamke hausahau, akakaza fundo kifuani.

"Nipe nikubebee," nikasema.

Yule bibi jirani ndiye aliyenivuta mkono.

"Basi lia, mama," nikamwambia. "Sisi wote tumeshakuja."

Akakaza tena fundo ambalo lilikuwa limekaza. "Kuna wajukuu bado," akasema, akaanza kupanda.

Tulipotokea barabarani kiongozi akageuka. Nilimwona anatazama mikono yetu, anatafuta tumebeba nini, kisha akaona mgongo wa mama. Mimi nilishajiandaa kumkaripia kwa lolote atakalosema. Aliinama akasema, "Shikamoo mama." Mama akaitikia marahaba. Kiongozi akatupa lifti mpaka Lushoto, akasema dereva atatupeleka mlangoni, na akafungua mlango wa mbele, ule wa kiti chake mwenyewe.

"Kaa huku mbele na mtoto," akamwambia.

Mama akapanda. Barabara ya kutoka Mombo ni kona tupu, gari linakutupa huku na huku, na dereva alimwambia mara kadhaa aegemee kiti apumzike. Akamshukuru. Alishika dashibodi kwa mikono miwili, akakaa kwenye ukingo wa kiti mpaka tukafika nyumbani, asije akambana.